Arkils tingstad: nani mwenye baraza?

Kaskazini ya Stockholm, kama kilomita 25 kutoka mjini, kando ya ziwa la Vallentuna, pana uwanja mdogo wa majani uliopangwa mawe pembe nne. Wenyeji wanauita Arkils tingstad, yaani mahali pa ting pa Arkil. Ting ni mkutano wa watu wa wilaya moja waliokusanyika kusikiliza mashauri na kuyakatia hukumu. Mkutano huo ulifanywa nje, bila ya paa wala ukuta. Uwanja huu ulitengenezwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 11, na hapo yamesimama mawe mawili makubwa yenye maandishi ya runi, ambayo wataalamu wa Sweden wameyapa nambari U 225 na U 226. Anayetaka kwenda achukue treni ya Roslagsbanan kutoka Stockholms östra mpaka Vallentuna. Na ajihadhari na jina: kijiji chenye uwanja huu kinaitwa Bällsta, na iko Bällsta nyingine upande wa Bromma ambayo siyo hii.

Nimeuchagua uwanja huu kwa sababu mbili. Ya kwanza, wengi katika familia zetu zilizohamia hapa wameishi miaka thelathini au arubaini karibu na mahali hapo, na hawajapata kupasikia. Ya pili, na ndiyo kubwa zaidi, ni kwamba namna Wasweden walivyozoea kuusoma uwanja huu ni namna ile ile tunavyoyasoma sisi mabaraza ya kwetu, ya Unguja na Pemba, ya Lamu na Mombasa, na hata sabla za Omani walikotoka baadhi ya wazee wetu. Usomaji huo una kasoro, na kasoro hiyo tunawarithisha wajukuu. Makala haya ni uhakiki wake.

Picha ya mkulima huru

Mwaka 1809 Sweden iliipoteza Finland kwa Urusi. Taifa lililopunguka lilitafuta fahari yake katika zama za kale, na mwaka 1811 Erik Gustaf Geijer, mwanahistoria na mshairi, alichapisha utenzi wake juu ya mkulima mwenye ardhi yake mwenyewe, mtu wa jembe na wa upanga. Picha ile iliingia katika vitabu vya shule. Tangu hapo ting ya kale ikawa ni mkutano wa wakulima huru, kila mmoja na sauti yake, na mfalme akiwaogopa.

Picha hiyo ilikuwa na kisa cha kuitia nguvu. Snorri Sturluson wa Iceland, aliyeandika katika karne ya 13, anasimulia kwamba katika ting ya Uppsala mhifadhi sheria aitwaye Thorgny alisimama mbele ya mfalme Olof Skötkonung akamwambia kwamba asipowasikiliza wakulima, wakulima watamwua. Mfalme akakubali. Kisa ni kitamu, na hata leo kinasimuliwa. Lakini kinahusu jambo la kama mwaka 1018, na Snorri aliliandika miaka mia mbili baadaye. Mwaka 1911 Lauritz Weibull, mwanahistoria wa Lund, alichapisha uchunguzi wake wa taarikhi ya nchi za kaskazini za kama mwaka 1000, akaeleza kwamba masimulizi yaliyoandikwa baada ya vizazi na vizazi hayawezi kushika nafasi ya ushahidi wa wakati wenyewe. Wenzetu waliosoma ilimu ya hadithi hawataona hoja hii kuwa ngeni. Anachosema Weibull ni kwamba isnadi imekatika.

Wanahistoria wa Sweden wengi waliikubali hoja yake. Watu wa kawaida walibaki na picha, na si ajabu, kwa sababu lugha yenyewe inaisaidia. Mahakama ya mwanzo nchini Sweden mpaka leo inaitwa tingsrätt. Stockholms tingsrätt ipo katika Rådhuset, Kungsholmen, jengo la Carl Westman lililofunguliwa mwaka 1915. Mtu wa Vallentuna mwenye shauri leo huenda Attunda tingsrätt, Sollentuna, mahakama iliyoanza mwaka 2007 na kupewa jina la Attundaland, nchi ya kale ambayo uwanja wa Arkil ulikuwa ndani yake. Anayeyasikia majina haya atadhani ipo njia moja iliyonyooka, kutoka mawe ya Bällsta mpaka jaji wa Sollentuna, na njiani mwote walikuwamo wananchi wenye haki sawa.

Mawe yanasema nini

Tuyasome mawe. Kwa ufupi yanasema hivi: Ulfkel, Arnkel na Gye walitengeneza mahali hapa pa ting; hapatakuwapo ukumbusho mkubwa kuliko huu waliouweka wana wa Ulv kwa ajili ya baba yao; walisimamisha mawe, na walisimamisha pia nguzo kubwa; Gyrid alimpenda mumewe, na kwa hivyo atatajwa kwa machozi. Mwisho linatajwa jina la mchongaji, Gunnar. Arnkel ndiye Arkil aliyepewa uwanja jina lake. Ulv, baba yao, alikuwa mtu wa Skålhamra, ng'ambo ya pili ya ziwa, na jiwe jingine lake lipo Risbyle, Täby, ambapo wanawe wanamwombea kwa Mungu nuru na pepo.

Sasa tuangalie yasiyosemwa. Hapana shauri hata moja lililoandikwa. Hapana sheria, hapana kadhi, hapana mdai wala mdaiwa. Hapana neno juu ya wakulima wala haki zao. Maandishi ni ya familia moja yenye mali, inayoonesha ukubwa wa baba na uaminifu wa wana. Mwanamke aliyetajwa ametajwa kwa kilio. Msomaji wa pwani ataelewa haraka kilichofanyika hapa. Tajiri wa mji wa mawe hujenga baraza nje ya ukuta wa nyumba yake. Wapita njia hukaa, huzungumza, hucheza bao, hupatanishwa wagombanao. Baraza ni la wote, na kila aliyekaa anajua amekaa kwa nani. Wana wa Ulv walifanya jambo hilo hilo kwa kipimo cha wilaya nzima. Kila watu walipokusanyika kudaiana, walidaiana mbele ya jina la Ulv.

Anayedhani nimewadhulumu wana wa Ulv na asome jiwe la pili, lenye nambari U 212, lililopo kwenye kanisa la Vallentuna. Ni la Jarlabanke, aliyekuja kizazi kimoja au viwili baadaye. Jiwe hili lina maandishi pande mbili. Upande mmoja Jarlabanke anasema kwamba alijiwekea jiwe hili mwenyewe angali hai, na kwamba Täby yote ilikuwa yake peke yake. Upande wa pili anasema tena kwamba alijiwekea mwenyewe angali hai, kwamba alitengeneza mahali hapa pa ting, na kwamba hundare yote, yaani wilaya ile ya kale, ilikuwa yake peke yake. Täby alijenga pia njia ya tuta yenye urefu wa zaidi ya mita 100 juu ya ardhi ya majimaji, na mawe manne ya kutangaza kwamba aliijenga yeye. Mawili kati ya hayo yangali mahali pake.

Wataalamu wamebishana sana juu ya neno hilo la kumiliki hundare. Wako wanaolichukua kwa maana ya kumiliki ardhi, na wako wanaosema maana yake ni kuwa na amri juu ya watu. Kwa hoja yangu tofauti hiyo haina uzito mkubwa. Wengi wao wanaona kwamba ting ilihama kutoka Bällsta kwenda kwa Jarlabanke, na hilo ndilo lenye uzito. Uwanja ambao ulikuwa ukumbusho usiopata mfano uliachwa, na mtu mmoja akaweka wake, akaandika jina lake. Ikiwa uwanja ulikuwa wa watu wote, mtu mmoja aliuhamishaje?

Na wapo ambao hawakuandikwa kabisa. Sweden ya wakati ule ilikuwa na watumwa. Mtumwa hakuwa na sauti ya kwake katika ting, na aliyemdhuru alimlipa bwana wake. Ni mwaka 1335, huko Skara, ndipo mfalme Magnus Eriksson alipotoa amri kwamba aliyezaliwa na wazazi Wakristo katika sehemu zile za nchi asiwe mtumwa. Baina ya mawe ya Arkil na amri hiyo ni miaka mia tatu. Katika miaka hiyo yote mahakama ilikuwa wazi kwa upepo na mvua, na haikuwa wazi kwa kila mtu.

Neno baraza na watu wake

Turudi sasa kwetu, maana hapa ndipo penye kazi ngumu. Baraza ni neno la Kiarabu, barza, kutokana na kitenzi baraza, yaani kutokeza, kujidhihirisha mahali pa wazi. Omani na Unguja barza ilikuwa ni kutokeza kwa mtawala: anatoka ndani, anakaa mahali panapoonekana, watu wanamjia na shida zao. Kiswahili kikalichukua neno na kulipanua. Likawa ukumbi wa mtawala, likawa benchi la mawe nje ya nyumba, likawa mkutano wowote wa mashauri. Ting inaanzia kwa watu wanaokusanyika, na barza inaanzia kwa mtu mmoja anayetoka. Kwa maneno, hizi ni njia mbili. Jarlabanke anatuonesha kwamba kwa vitendo hazikuwa mbali sana.

Mabaraza yetu tunayajua kwa ushahidi wa nani? Maelezo mashuhuri ya baraza la Seyyid Said ni ya binti yake, Seyyida Salme, ambaye Ulaya alijulikana kwa jina la Emily Ruete. Kumbukumbu zake zilichapishwa Berlin mwaka 1886, miaka ishirini baada ya kuondoka Unguja. Ni kitabu cha thamani kubwa na mimi nimekitumia kufundishia. Lakini tukumbuke ni nani anayeandika. Ni mtoto wa mfalme, anayemtaja baba aliyefariki mwaka 1856, yu mbali na kwao, anaandika kwa Kijerumani kwa wasomaji ambao anataka waiheshimu nchi yake. Yeye pia alikuwa mhamiaji kama sisi, na ugeni unazitia kumbukumbu utamu. Nacho kitabu cha Sheikh Said bin Ali al-Mughairi, Juhaynat al-Akhbar, kilichochapishwa Muscat, ni hazina ya majina na matukio, na kinaitazama nchi kutoka upande wa dola. Huwezi kumlaumu mwandishi kwa mahali alipokaa. Unaweza kumlaumu msomaji anayesahau kuuliza alikaa wapi.

Yapo mambo ya kujivunia na sitaki yapotee katika uhakiki huu. Masultani wa Albusaidi, wenyewe Maibadhi, waliweka makadhi wa Kiibadhi na wa Kishafii pamoja, ili raia wengi waliokuwa Mashafii wahukumiwe kwa madhehebu yao. Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi, mzaliwa wa Barawa, alikuwa kadhi wa Kishafii chini ya masultani kadhaa, na ilimu yake haikutiliwa shaka na upande wowote. Dola ya namna hiyo katika Ulaya ya karne ya 19 usingeipata kwa urahisi.

Lakini tuutazame na upande mwingine. Lamu, mbele ya ngome, upo uwanja wa Mkunguni, ambapo vizazi vimekaa chini ya kivuli kuzungumza mambo ya mji. Picha za uwanja ule zimetundikwa katika nyumba zetu nyingi hapa. Ngome iliyo nyuma yake ilikuwa jela kuanzia mwaka 1910 mpaka 1984. Waliokaa nje walizungumza, na waliokuwa ndani waliyasikia mazungumzo yao. Anayemsimulia mjukuu wake habari ya Mkunguni amsimulie vyote viwili.

Au tuchukue amri ya Sultani Hamoud bin Muhammed ya tarehe 6 Aprili 1897, mwaka 1314 wa Hijra, iliyoondoa nguvu ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Uhuru haukuwafuata watu majumbani. Mtumwa aliyeutaka alitakiwa aende mwenyewe mahakamani akaudai, na bwana wake alipata fidia. Masuria hawakuingizwa humo mpaka sheria ya mwaka 1909. Kwa maelfu ya watu hiyo ndiyo mara ya kwanza baraza la hukumu lilipowaita kwa majina yao. Katika hadithi za familia zetu juu ya mabaraza ya wazee, ni ngapi zinazomtaja mtu aliyesimama mbele ya hakimu kumdai babu yetu uhuru wake?

Na asidhani mtu kwamba kubadilisha jina kunatosha. Mwaka 1970 Unguja ilianza kutumia mahakama za wananchi, mahakimu wakiwa si wanasheria na mawakili wakiwa hawaruhusiwi. Katika shauri la uhaini la 1973 na 1974, baada ya kuuawa kwa Rais Karume, washtakiwa walikabiliwa na hukumu ya kifo bila ya wakili wa kuwatetea. Familia nyingi zinazosoma jarida hili zinazijua mahakama zile kwa machungu kuliko ninavyoweza kuandika. Jina la wananchi lilikuwa limeandikwa mlangoni, kama vile jina la Ulv lilivyochongwa Bällsta.

Jiwe la mirathi

Je, basi, hakuna ushahidi mwingine? Upo, na Sweden yenyewe imetuwekea mfano ulio mzuri kuliko wa Arkil, ingawa hautembelewi sana.

Magharibi ya Stockholm, katika kisiwa cha Färingsö, pana shamba la Hillersjö, na hapo juu ya mwamba yapo maandishi ya runi yenye nambari U 29. Yanaanza kwa kumwamrisha mpita njia asome. Kisha yanaeleza hivi. Germund alimwoa Gerlög akiwa mwanamwali, wakapata mtoto wa kiume. Germund akafa maji, kisha mtoto akafa. Gerlög akaolewa na Gudrik. Wakapata watoto, akabaki hai msichana mmoja tu, jina lake Inga. Inga akaolewa na Ragnfast wa Snottsta. Ragnfast akafa, kisha mtoto wao wa kiume akafa, na Inga akamrithi mtoto wake. Inga akaolewa mara ya pili, na Erik, kisha akafa. Gerlög akamrithi binti yake Inga. Mchongaji ni Torbjörn.

Waliosoma faraidh wataitambua mara moja. Hii ni munasakhat, mirathi juu ya mirathi, mtu anakufa kabla mali ya aliyemtangulia haijatulia. Na wataona pia mahali penye ugomvi. Kwa hesabu yetu, Ragnfast angeacha thumni kwa mkewe na iliyobaki kwa mwanawe. Mwana akifa bila ya mtoto wala ndugu, mama yake angepata thuluthi, na iliyobaki ingekwenda kwa asaba, jamaa wanaume wa upande wa baba. Huku mama amechukua yote, na mali ya watu wa Snottsta imevuka kwenda kwa bibi mmoja wa Färingsö, aliyekuwa mama mkwe wa marehemu. Ndugu za Ragnfast walikuwapo. Dada zake wawili, Gyrid na Estrid, wametajwa katika mawe aliyoyaweka Inga mwenyewe huko Snottsta, sehemu za Vallentuna. Na katika mawe hayo hayo Inga amehakikisha imeandikwa kwamba Ragnfast alimiliki shamba peke yake baada ya baba yake, na kwamba yeye Inga alimrithi mtoto wake.

Angalia tofauti. Mawe ya Arkil na ya Jarlabanke ni maneno ya wenye uwanja. Maandishi ya Hillersjö na ya Snottsta ni maneno ya mwenye haki, na mwenye haki ni mwanamke, na anajua kwamba ipo siku jamaa watasimama katika ting kumpinga. Ameiandika hoja yake juu ya mwamba ili ting isiweze kuisahau. Mimi najifunza zaidi juu ya mahakama ya wazi kutokana na mwamba huu kuliko kutokana na uwanja wenyewe, kwa sababu hapa nauona uwanja kwa macho ya anayeuhitaji.

Kwetu kazi ya namna hii imeanza kufanywa. Elke Stockreiter, katika kitabu chake cha mwaka 2015, amesoma majalada ya mahakama za makadhi za Unguja ya baada ya utumwa, na humo wamo wanawake na watu waliotoka utumwani wakidai talaka, mahari, nyumba na mashamba. Susan Hirsch, mwaka 1998, aliandika juu ya wanawake wa pwani ya Kenya mbele ya makadhi, na namna walivyojua kusema walipotakiwa kunyamaza. Ukivisoma vitabu hivi viwili, kadhi wa picha, mzee mwenye kilemba na subira, anabaki, na mbele yake wanatokea watu wenye majina na midomo. Hukumu inakuwa jambo lililogombaniwa.

Uwazi una thamani gani

Nisifahamike vibaya. Sisemi kwamba uwanja ulikuwa bure. Katika nchi ambayo wachache wanaandika, macho ya watu ndiyo daftari. Sheria za kale za Sweden zilitaka ardhi iuzwe mbele ya mashahidi maalumu walioitwa fastar, na sharia yetu nayo haikubali madai makubwa bila ya mashahidi wawili waadilifu. Sheria ya Uppland ilipokusanywa na kuthibitishwa na mfalme Birger mwaka 1296, baraza la watu lilikuwa bado ni mahali pa kuitangaza na kuisikia. Uovu uliofanywa mbele ya watu mia ni mgumu kukanwa kuliko uliofanywa chumbani. Hata mwenye nguvu alilazimika kutokeza, na neno barza linakumbuka hilo.

Walakini uwazi bila ya kumbukumbu iliyo huru unamfaidi mwenye jiwe. Hili Sweden ililielewa kwa njia yake. Mwaka 1766 sheria ya uhuru wa uchapaji ilimpa raia haki ya kuona nyaraka za serikali, na haki hiyo ipo mpaka leo. Uwanja ulihamia ndani ya jalada. Familia zetu zinajua maana yake. Tangu mwaka 1992 mpaka 2006 rufaa za waombao hifadhi zilikwenda Utlänningsnämnden, chombo kilichoamua aghlabu kwa makaratasi, na mtu alisubiri barua bila ya kuuona uso wa aliyemwamulia. Machi 2006 mashauri hayo yakahamishiwa mahakama za uhamiaji, ambako mwombaji na serikali ni pande mbili za shauri na upo uwezekano wa kusikilizwa kwa mdomo. Matokeo hayakuwa matamu kwa wote. Lakini mtu aliyeshindwa aliweza kusema: nilisikilizwa, na yaliyosemwa yameandikwa.

Basi kipimo changu cha kila baraza, la Vallentuna au la Forodhani, ni maswali matatu. Nani aliyeliita? Nani aliyeruhusiwa kusema? Nani aliyebaki na maandishi? Uwanja wa Arkil tukiuuliza maswali haya unajibu la kwanza kwa sauti kubwa, la pili kwa minong'ono, na la tatu kwa jina la familia moja.

Swali la tatu ndilo linalotuhusu sisi zaidi, kwa sababu jibu lake limo ndani ya masanduku yetu. Katika nyumba za Stockholm, Muscat, Dubai na London yamo makaratasi ambayo hayakubaki katika nyaraka za serikali: hukumu za makadhi, hati za wakfu, hesabu za mirathi, mikataba ya mashamba, ithibati za talaka, hati za uhuru. Nimeona mafungu ya namna hiyo ambayo wenyewe wameyapitia kabla ya kuyaonesha, wakabakisha wakfu na mashairi ya sifa, wakayatoa yale yanayotaja watumwa wa nyumba au mwanamke aliyemshitaki mumewe. Wanafanya hivyo kwa heshima ya marehemu. Matokeo yake ni kwamba wanambakishia mwanahistoria jiwe la Jarlabanke, na Hillersjö wanaivunja.

Ombi langu kwa wasomaji ni hili. Fungu likae kama lilivyokutwa, karatasi zote pamoja, kwa mpangilio ule ule. Mwenye kujua hati ya Kiarabu au Kiswahili cha herufi za Kiarabu ainakili pembeni tarehe ya Hijra, jina la kadhi na majina ya pande zote mbili za shauri, na aliyeshindwa aandikwe pamoja na aliyeshinda. Zipigwe picha, na nakala ikae mahali zaidi ya pamoja. Yakiwamo majina ya watu ambao babu zetu waliwamiliki, yaandikwe pia, maana wana wajukuu nao, na wajukuu hao wanatafuta. Wengi wa waliozijua hati hizi kwa macho wamekwisha kutangulia, na sisi tuliobaki tumeshapita miaka sabini.